Kijembe au utani? Namna ya kujua umerushiwa kipi

Kikao cha harusi Moshi huanza kwa kuchelewa na huenda kwa hesabu. Mweka hazina anasoma daftari: nani ameahidi kiasi gani, nani ametoa, nani bado. Akimaliza analifunga, anapiga funda la soda, halafu anasema kwa upole kabisa: "Tunawashukuru wote waliokwishatoa. Wale wengine, basi, tutaonana siku ya ndafu." Watu wanacheka. Hakuna aliyetajwa jina. Lakini yuko mjomba mmoja karibu na mlango, ambaye ahadi yake imebaki ahadi tangu kikao cha kwanza, na ghafla ana shughuli kubwa kwenye simu.

Hicho ndicho kijembe. Kauli yenyewe ni safi. Kumshukuru aliyetoa si kosa, na kumkaribisha mtu kwenye ndafu, yule mbuzi mzima wa kuchoma anayekatwa ukumbini mbele ya wageni, ni heshima. Makali yako kwenye kile ambacho hakikusemwa.

Neno hili watu huliweka kapu moja na utani, mzaha, dongo, mipasho na kejeli, na mara nyingi haidhuru kitu. Inadhuru pale mtu anapoumia, akalalamika, akajibiwa "aa, nilikuwa natania tu". Hapo lazima ujue kilichokupata ni kipi. Mimi naona hivi: utani una kibali kabla neno halijasemwa. Kijembe hakina kibali cha mtu, ila kinajitengenezea pa kukimbilia. Mengine yote yanatokana na hilo.

Tuanze na neno lenyewe. Kijembe ni jembe dogo, na pia ni kisu kidogo chenye makali. Ndipo likapatikana lile la maneno, kauli ya fumbo ya kumsema mtu. Cha kuchekesha ni kwamba mtaani jembe lenyewe limekuwa sifa. Timu ikisajili mchezaji hodari, "tumeleta jembe". Fundi asiyechoka, "yule ni jembe". Basi ukiitwa jembe umesifiwa, ukipigwa kijembe umesemwa, na tofauti ni silabi moja.

Angalia pia vitenzi vyake. Watu hawasemi kijembe, wanakipiga, wanakirusha au wanakitupa. Kinaweza kumpata mtu, na kinaweza kumkosa kabisa kikaanguka chini, kila mtu akaendelea kula. Wawili wakijibizana, wanarushiana vijembe, na hapa magazeti yetu yamelichosha neno. Mwanasiasa akimtaja mwenzake kwa jina na kumwita mwizi jukwaani, kesho yake kichwa cha habari kinasema "warushiana vijembe". Hapana. Hiyo ni tuhuma, au ni tusi, kutegemea ushahidi. Kijembe hakimtaji mtu.

Shuleni kijembe hufundishwa kwenye tamathali za semi, jirani na kejeli na tashtiti, na wanafunzi hukariri maana yake kwa ajili ya mtihani. Maana wanayokariri si mbaya. Kasoro yake ni kwamba inatazama maneno tu, wakati kijembe ni shughuli ya watu. Sentensi ya mweka hazina ukiiandika ubaoni, "tutaonana siku ya ndafu", haina tamathali yoyote ya kuonekana. Imekuwa kijembe kwa sababu ya yule mjomba, ya daftari, na ya watu arobaini wanaojua kilichomo kwenye daftari.

Kwa hiyo kijembe kinahitaji watazamaji. Kinahitaji anayerusha, anayelengwa, na wengine wanaojua habari bila kuambiwa. Wakibaki wawili tu chumbani, nguvu yake hupungua, maana hakuna wa kucheka. Na mgeni asiyejua historia ya pale hasikii kitu. Mtu anaweza kuwa na Kiswahili kizuri kabisa, akakaa kikao kizima cha ukoo pale Kibosho, akatoka akisifu jinsi wenyeji walivyo waungwana, kumbe wametoana damu mbele yake kwa saa mbili.

Jambo la pili ni pa kukimbilia. Wazee wana msemo: nimerusha jiwe gizani, ukisikia yowe ujue limempata mtu. Ndiyo siri yote. Aliyerusha hajasema ni nani. Ukiinuka na kuuliza "unanisema mimi?", wewe ndiye uliyejitaja. Yeye atafungua mikono: "Mimi? Nimesema tu tutaonana kwenye ndafu. Kwani wewe hujatoa?" Umeshapoteza mara mbili. Na ukinyamaza, watu wanakuangalia jinsi unavyonyamaza. Fumbo mfumbie mjinga, mwerevu huling'amua, lakini kwenye kijembe huyo mwerevu aliyeng'amua ndiye aliyebanwa.

Huu si ujanja wa jana. Muyaka bin Haji, mshairi wa Mombasa wa mwishoni mwa karne ya 18 na mwanzo wa karne ya 19, alitunga mashairi ya mafumbo yaliyokuwa siasa tupu, na watu wa miji jirani walijua ni wao wanaosemwa. Kanga nazo zimefanya kazi hiyohiyo bila mtu kufungua mdomo. Mwanamke akipita mbele ya mlango wa jirani na kanga iliyoandikwa "Hasidi hana sababu", amesema nini? Hajasema kitu. Amevaa nguo tu, tena aliiuziwa dukani ikiwa tayari imeandikwa.

Sasa utani.

Mchaga na Mpare ni watani, na hilo halihitaji ushahidi Moshi, linahitaji tu kupanda gari la Same, kwa Wapare, asubuhi. Mpare, tunasema sisi Wachaga, atauza ng'ombe ili apate nauli na gharama za kesi ya kuku. Ni bahili mpaka hela yake ikitoka mfukoni inapepesa macho kwa mwanga. Nao wana yao: Mchaga akifa usiite daktari, angusha sarafu sakafuni karibu na kichwa chake; akibaki kimya, hapo mnaweza kuanza kuchimba kaburi. Haya yanasemwa kwa sauti, kwa jina, usoni, mbele ya watoto, na anayesemwa anacheka kabla hujamaliza kwa sababu anaijua, na yake ameshaiandaa.

Umeona tofauti? Hakuna jiwe la gizani hapa. Taa zote zinawaka. Anayerusha anajulikana, anayerushiwa anajulikana, na kibali kilikuwepo kabla hata hawajazaliwa. Mwanaanthropolojia Mwingereza Radcliffe-Brown aliliweka vizuri mwaka 1940: ni uhusiano ambamo mmoja anaruhusiwa na desturi, pengine hata analazimika, kumtania mwenzake, na mwenzake naye anatakiwa asikasirike. Neno la kushika ni hilo la mwisho. Kutokasirika ni wajibu. Kwenye utani anayenuna ndiye aliyekosa adabu.

Kwa Tanganyika, mmoja wa watu wa mwanzo kuandika kwa kirefu juu ya utani alikuwa Reginald Moreau, miaka ya 1940. Huyu kazi yake ilikuwa ndege. Alikuwa kwenye kituo cha utafiti cha Amani, milima ya Usambara, na wataalamu wa ndege wanamheshimu hadi leo. Nadhani mtu aliyezoea kukaa kimya akisikiliza nani anamlilia nani msituni alikuwa na sikio linalofaa. Utani wa makabila yetu mara nyingi unaelezwa kwa njia mbili: waliopigana wakaja kupatana, kama Wangoni na Wahehe, na waliosafiri wakapokeana njiani, kama Wanyamwezi na watu wa pwani zama za misafara. Wachaga na Wapare walikuwa majirani wenye biashara. Chuma cha Upare, hasa cha wahunzi wa Ugweno, kilipanda Kilimanjaro kabla Mjerumani hajafika. Kwa lugha nyingine, Mchaga alikuwa akimhitaji Mpare ili awe na silaha, na mtu unayemhitaji kiasi hicho ni lazima utafute namna ya kumcheka.

Katika makabila mengi utani ulikuwa na kazi nzito kuliko maneno. Msibani mtani ndiye anayechekesha, anaigiza marehemu alivyokuwa akitembea, anakaa njiani na kukataa jeneza lisipite mpaka apewe kitu. Utani wetu wa Wachaga na Wapare siku hizi umebaki zaidi mdomoni, na sioni ubaya wake, ingawa nimewahi kuona msibani Mwanga mtani akidai alipwe soda kwanza ndipo aache watu walie.

Mpira umeuchukua utani mzima mzima. Yanga ya mwaka 1935 na Simba ya mwaka 1936 zinaitwa watani wa jadi, na ni jina sahihi: kibali kipo, kila upande unajua zamu yake, na Jumatatu ofisini aliyefungwa hana haki ya kununa.

Ndani ya Uchaga kwenyewe mambo yanachanganyika kidogo. Mrombo, Mmarangu, Mkibosho na Mmachame wote wana la kusema juu ya wenzao, na baadhi ya hayo yana mizizi mirefu. Kibosho ya Mangi Sina na Machame hazikuwa zikitaniana katika karne ya 19, zilikuwa zikichomeana nyumba. Leo ni vicheko vya kwenye mbege, pombe yetu ya ndizi. Hata neno mangi limepita njia hiyo. Lilikuwa cheo cha mtawala. Baada ya uhuru utawala wa kichifu ukaondolewa, na sasa nchi nzima mangi ni yule Mchaga mwenye duka kwenye kona anayekukopesha nusu kilo ya sukari na kuandika kwenye boksi la sigara. Sidhani kuna kabila jingine ambalo wafalme wake wote wamegeuzwa wauza duka kwa neno moja, na wenyewe wakaitika.

Tatizo ni pale mtu asiye mtani anapoazima mdomo wa mtani. Bosi anamwambia mfanyakazi wake mbele ya wengine, "Wewe na saa yako hiyo, nadhani inasoma saa za London." Hapo hakuna kibali. Mfanyakazi hawezi kumrudishia. Na utani usiorudishika si utani, hata aliyeusema akicheka mpaka machozi. Ndiyo maana "natania tu" ikisemwa baada ya jambo huwa inanitia shaka. Mtani wa kweli hahitaji kutangaza. Anayetangaza ni aliyerusha kijembe, akaona kimeingia kuliko alivyokusudia, sasa anatafuta mlango. Mzaha mzaha hutumbuka usaha, walisema, na usaha huwa haulizi ulikusudia nini.

Wale ndugu wengine wa kijembe niwapitie upesi. Dongo ni kijembe kizito, kisichonolewa. Halitaji jina kila mara, lakini mtu hawezi kukana kwamba amelirusha. Makavu ni kinyume kabisa cha kijembe: unamwambia mtu usoni, kwa jina, bila sukari. Kusuta ni kumwendea mtu na ushahidi na mashahidi wake ili akiri aliyoyasema, na pwani wanaweza kwenda na ngoma kabisa. Kejeli ni kusema kinyume cha unachomaanisha, na inaweza kutumika ndani ya kijembe au nje yake. Mipasho ilipata jina lake kubwa kwenye taarabu, hasa Dar es Salaam ya miaka ya 1990, vikundi vya Muungano na TOT vilipokuwa vikijibizana jukwaani na Khadija Kopa akawa anaitwa malkia wa mipasho. Mpasho ni kijembe chenye bendi. Unapigwa kwa makusudi, watu wamelipa kiingilio kuja kuusikia, na shabiki anainuka na noti kwenda kumtunza mwimbaji huku akimtazama fulani aliyekaa meza ya pili. Hapo kumbe kijembe ni kile cha noti.

Ukishuka Arusha utasikia mdundo mwingine. Chalii wa Chuga, yaani kijana wa Arusha, hapendi kuzunguka sana, anapenda kauli fupi inayofunga mjadala, na pa kuisikia ni kwenye vifodi, daladala za huko. Abiria kapanda Kilombero anakwenda Sakina, anatoa noti ya elfu kumi asubuhi na mapema. Konda anaipokea kwa mikono miwili, anaiinua ili gari zima lione: "Jamani, leo tumesafiri na mfadhili." Gari linacheka. Abiria hana la kulaumu, kaitwa mfadhili. Hiyo ni kejeli ndani ya kijembe, na konda ameipata chenji yake ya maneno kabla hajaanza kutafuta ya hela. Nilichokipenda siku moja ni mama mmoja mwenye ndoo ya maparachichi aliyejibu bila kugeuka: "Usijali baba, ukikosa chenji nitakuachia, utanunulia hiyo gari mlango." Mlango wenyewe ulikuwa umefungwa kwa kamba. Konda alicheka kuliko abiria wote.

Kwenye simu kijembe kimepata kazi mpya na matatizo mapya. Stetasi ya WhatsApp ni kanga ya siku hizi: unaandika "Wengine wanakula na wewe mchana, usiku wanakusema", watu mia mbili wanaiona, na watano kati yao hawalali. Aliyeandika pengine alikuwa na mmoja tu kichwani. Gizani kukiwa na watu wachache unajua jiwe limetua wapi. Likirushwa kwenye simu mia mbili, yowe linatoka kote, hata kwa dada yako uliyekuwa humfikirii. Kwenye kundi la ukoo ni balaa zaidi, kwa kuwa sauti na uso havipo. Mweka hazina alipozungumza watu walimwona akitabasamu. Maneno yaleyale yakiandikwa saa nne usiku yanasomeka kama hati ya mashtaka.

Na sheria ipo. Kanuni ya Adhabu inatambua kosa la lugha ya matusi inayoweza kuvunja amani, na Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015 inakataza kumnyanyasa mtu kwa njia ya mtandao. Lakini kijembe kilichofumbwa vizuri ni kigumu kukipeleka popote. Shahidi atasema nini mbele ya hakimu, kwamba mshtakiwa alitaja ndafu? Labda Mpare tu ndiye angefungua kesi hiyo, na mimi ninaruhusiwa kusema hivyo.

Kwetu migombani, kijembe kikishazidi na watu wakanuniana kweli, kuna njia ya zamani ya kutoka. Aliyekosa anapeleka jani la isale, ule mmea tunaoupanda kwenye mipaka ya kihamba, shamba la nyumbani la migomba, na jani hilo linamwombea msamaha. Ni jambo zito kulikataa. Wengi wetu hatufiki huko, tunajibu tu. Na kujibu kuna ufundi wake: usikatae kwamba kimekupata, usiulize kilikuwa cha nani, chukua neno lilelile alilotumia uligeuzie upande wake. Ukileta neno jipya umeanzisha ugomvi. Ukilirudisha lake, umeingia mchezoni.

Mwezi wa Desemba ndio msimu. Barabara ya kutoka Dar inajaa, kila kihamba kina gari nje, na walioadimika wanaonekana. Kijana anashuka Marangu baada ya kupotea muda mrefu, kabeba mfuko wa sukari na majani ya chai, anapiga hodi kwa shangazi yake. Shangazi anatoka jikoni akifuta mikono, anamtazama toka juu hadi chini, wajukuu wamejaa kibarazani.

"Karibu, mgeni."

Neno moja tu, kumwita mgeni mtoto aliyezaliwa boma hilohilo. Kila aliye kibarazani amelisikia, na kijana naye kalisikia.

"Shikamoo shangazi. Si walisema mgeni njoo, mwenyeji apone?" Anamkabidhi mfuko.

Shangazi anaupima kwa mkono, anaridhika na uzito. "Marahaba. Maneno unayo, baba. Ingia. Ila hivyo viatu acha hukohuko nje, matope ya huku hayavijui."